Chumvi Irudi Jikoni

Ndugu zangu wa Kitale na Bungoma, ingia hoteli yoyote karibu na stendi ya Kitale saa saba mchana, uketi uangalie. Mteja anavuta kiti, analetewa ugali, mrenda na nyama. Kabla hajaonja hata tonge la kwanza, mkono umeshakamata chumvi. Anatikisa mara tatu, mara nne. Muulize chakula kimepungukiwa nini, atakushangaa. Hajakionja bado.

Nilikuwa mteja wa aina hiyo mpaka mwaka ule senge wangu, yaani shangazi yangu, wa Kimilili alipopimwa presha kanisani. Hakuwa na maumivu ya kichwa wala kizunguzungu. Alipanga foleni kwa sababu kipimo kilikuwa cha bure na rafiki zake walikuwa kwenye foleni. Kikasoma 178 kwa 104. Akaandikiwa vidonge, akaambiwa apunguze chumvi. Binti zake, kwa mapenzi na hofu, wakasikia "aache chumvi". Wiki mbili wakampikia mboga za maji matupu. Siku ya kumi na tano tukagundua kwamba mama mtu mzima, mzee wa kanisa, alikuwa akitembea na chumvi iliyofungwa kwenye pindo la leso.

Sikumcheka, na ninyi msimcheke. Ulimi uliolelewa na chumvi miaka sitini haubadiliki kwa amri. Hubadilika polepole, wiki baada ya wiki, mpaka chakula cha zamani kinapoonekana kikali. Ndiyo maana ombi langu si kuacha, ni kupunguza.

Chumvi huyavuta maji na kuyashikilia mwilini. Damu ikiongezeka kwenye mishipa, moyo husukuma kwa nguvu zaidi, na mishipa inayosukumwa hivyo mwaka baada ya mwaka hukakamaa. Mwishowe hupasuka au kuziba kichwani, au figo huchoka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na ndani ya kijiko hicho kuna chumvi ya mkate, ya soseji, ya chipsi na ya vile viungo vya pakiti tunavyomwagia mchuzi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja.

Sasa, sisi tuna bahati ambayo hatujaitazama vizuri. Ugali wetu hausongwi na chumvi. Mahindi ya Trans Nzoia, yanayolisha nusu ya nchi kama tunavyopenda kujigamba, yanafika mezani yakiwa hayana chumvi. Saga, managu, kunde, miro, seveve na mrenda zina potasiamu, madini yanayousaidia mwili kuitoa chumvi kwa njia ya mkojo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia maisha yake ya kazi kuzitafiti mboga hizi, wakati ambapo wengi walizidharau kama magugu na chakula cha maskini. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwapa watu mlo wenye mboga na matunda kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi, na mafuta kidogo. Katika wiki 8, waliokuwa na presha walishuka takriban alama 11 kwenye namba ya juu, bila hata kupunguziwa chumvi. Utafiti wa pili, wa mwaka 2001, ukaongeza hatua ya kupunguza chumvi, na presha ikashuka zaidi.

Kuna jambo moja linalohitaji macho makali, nalo ni namna tunavyolainisha mrenda. Bibi zetu walichoma maganda ya maharagwe au magunzi, wakatia jivu kwenye chungu chenye matundu chini, wakamimina maji juu, na yaliyochuruzika ndiyo musherekha. Hayo maji ya jivu yana potasiamu kwa wingi. Siku hizi wengi tunanunua magadi dukani kwa sababu ni rahisi, na magadi ni sodiamu, ndugu wa karibu wa chumvi. Kwa hiyo unaweza kujisifu hukutia chumvi kwenye mrenda, kumbe umetia magadi nusu kijiko. (Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazozuia potasiamu isitoke, amuulize daktari kabla ya kurudi kwenye musherekha. Kwake yeye potasiamu nyingi ni hatari.)

Msidhani nawaletea ndoto. Mwaka 1972 jimbo la Karelia Kaskazini huko Ufini, nchi ya wafugaji na wakata mbao, lilikuwa likizika wanaume wa makamo kwa maradhi ya moyo kwa kasi ya kutisha. Madaktari waliungana na chama cha kina mama kiitwacho Martta, wakazunguka vijijini wakipika pamoja, siagi na chumvi zikipungua na mboga zikiongezeka. Wanaume wakaacha sigara kwa wingi pia. Baada ya miaka 35 hivi, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Nikisoma habari hiyo naona chama cha pale Chwele, au cha Kiminini: sufuria kubwa, kina mama kumi na watano, na mwenye sauti kubwa akiwaelekeza wengine.

Basi nawaomba hivi. Wenye hoteli, ondoeni kikopo cha chumvi mezani, mkiweke jikoni, anayeitaka ataomba. Mkoa wa Buenos Aires, Argentina, ulifanya hivyo mwaka 2011, na watu wakaendelea kula. Wapishi wa matanga, ninyi mnaolisha watu mia tano kwa siku moja, pimeni chumvi kwa kijiko badala ya kiganja, kisha ongezeni kitunguu saumu, dhania, nyanya na ndimu. Na mhudumu wa afya ya jamii anayepita kwenu, mmoja wa wale 100,000 waliokabidhiwa vifaa mwezi wa Septemba 2023, ana mashine ya presha kwenye mkoba. Mnyoosheeni mkono awapime.

Waliokwisha kuandikiwa vidonge, msiviache kwa sababu ya mboga. Mnanijua mimi ni mpenzi wa mboga, lakini nimewazika watu waliosema "nimepona" na kutupa dawa. Wale wauzao chupa za "kusafisha damu" stendi ya Bungoma wana maneno matamu. Presha hawaipimi.

Senge sasa anasoma 136 kwa 84, vidonge vyake anavimeza asubuhi baada ya chai. Leso haina fundo tena. Nyumbani kwangu chumvi imekaa jikoni tangu Krismasi, kwenye rafu ya chini, nyuma ya unga. Wageni wameizoea, isipokuwa mjomba wangu mmoja, ambaye kila akija huinuka mwenyewe, huifuata, na hurudi nayo akiwa ameificha nyuma ya mgongo.