Panya si Binadamu Mdogo

Habari inapotangazwa kwamba dawa fulani imewaponya panya, watu hushangilia kana kwamba wamekwisha kupona wao. Furaha hiyo ni ya haraka mno, na utafiti wa UKIMWI waonyesha sababu yake.

Virusi vya UKIMWI haviwezi kuambukiza chembe za panya wa kawaida, kwani protini zilizo juu ya chembe hizo hazilingani navyo. Kwa hiyo, mwaka 1988 wataalamu wa Marekani waliwachukua panya waliozaliwa bila kinga ya mwili, wakawapandikizia tishu za binadamu, pamoja na tezi ya thaimasi ambamo chembe za kinga hukomaa. Kufikia mwaka 1993 ilidhihirika kwamba virusi vilipotiwa katika tezi hiyo, chembe za kinga ziitwazo CD4 zilikufa kwa wingi.

Je, zilizokufa ndizo zilizoambukizwa? Jibu halikuachiwa panya peke yake. Mwaka 1995 mitoki ya watu na ya kima wagonjwa ilipochunguzwa, ilionekana kwamba nyingi za chembe zilizokuwa zikijiangamiza hazikuwa zile zinazozalisha virusi, bali jirani zao.

Panya, basi, ni shahidi mwema, lakini si hakimu. Yafaa kila mwalimu awazoeze wanafunzi kuuliza: mnyama huyu ana nini cha binadamu, amekosa nini, na je, matokeo yamethibitishwa kwa watu? Mgonjwa aachaye dawa zake kwa kusikia habari za panya huhatarisha uhai wake.