MASHIRIKA YA NDEGE: KITI KIMOJA KINAUZWA MARA MBILI

Leo tuache siasa kidogo. Kuna jambo linalogusa mifuko ya wengi wenu, hasa nyie wa Kariakoo mnaofuata mzigo Guangzhou na Dubai, na nyie mlio ughaibuni mnaorudi nyumbani kila Desemba.

Nianze na kisa changu. Nilikuwa kwenye foleni uwanja wa Julius Nyerere, mkononi nina kadi ya dhahabu ya shirika moja, jina nalihifadhi. Kadi ile nimeisotea miaka mitatu. Kuna safari nililipa bei ya juu kuliko ya washindani wao, kuna safari nilikesha kwenye viti vya chuma nikisubiri ndege ya kuunganisha, yote hiyo ili maili zangu zisikatike. Mbele yangu alikuwepo kijana, mwenyewe anasema ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Dada wa kaunta akamwambia: "Kaka, tuna nafasi daraja la biashara. Ukiongeza dola 300 unakaa huko mpaka mnapobadilisha ndege." Kijana akampigia simu mjomba wake, mjomba akasema lipa, akalipa.

Zamu yangu ikafika. Nikaweka kadi mezani kwa mbwembwe. "Dada, na mimi je?" Akaiangalia, akatabasamu. "Kile kilikuwa cha mwisho, kaka. Ila kwa kadi yako unaruhusiwa kwenda kupumzika kule juu, kuna chai na sambusa."

Nikaenda kula sambusa. Lakini nilikula huku najiuliza: miaka mitatu ya uaminifu thamani yake ni sambusa?

Tusimlaumu yule kijana, hana kosa. Na yule dada naye hana kosa, maana kompyuta ndiyo inayoamua. Tuangalie huu mchezo ulianzia wapi.

Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria ya kuyaacha mashirika ya ndege yapange nauli na njia yenyewe. Kabla ya hapo serikali ndiyo iliyokuwa inapanga. Ushindani ukawa mkali, abiria akawa anakimbilia kwenye bei ndogo. Ndipo Mei 1981 American Airlines wakaja na AAdvantage, mpango wa kumhesabia abiria maili anazosafiri na kumpa zawadi. United wakafuata siku chache baadaye, kisha dunia nzima. Baadaye zikaja kadi za madaraja, fedha, dhahabu na kuendelea, na tamu kuliko zote kwa Mmarekani ikawa kupandishwa daraja bure. Kama kiti cha mbele kimebaki, anapewa mwenye kadi kubwa. Lilikuwa jambo zuri kwa pande zote mbili: kiti ambacho kingeruka kitupu kinamfurahisha mteja, na mteja naye haendi kwa jirani.

Sasa hapo ndipo pa kuangalia kwa makini. Kiti cha ndege ni kama nyanya za jioni pale sokoni. Mlango ukifungwa na kiti ni kitupu, pesa yake imepotea moja kwa moja, huwezi kukiuza kesho. Kwa hiyo wenye mashirika wakapiga hesabu: kwa nini nimpe mtu bure kitu ambacho mwingine yuko tayari kukiongezea dola 100 au 300 dakika za mwisho? Teknolojia ikawarahisishia kazi. Siku hizi ofa inakuja kwenye barua pepe na kwenye simu kabla hujafika uwanjani, na mashirika mengine yanaendesha mnada kabisa: taja bei yako, ukishinda unahamia mbele.

Delta ndio mfano wa wazi. Viongozi wake wamewaeleza wawekezaji wao kwamba miaka ya kuzunguka 2010 ni sehemu ndogo tu ya viti vya daraja la kwanza kwenye safari za ndani iliyokuwa inalipiwa. Vilivyobaki walikuwa wanagawiwa wenye kadi. Leo kibao kimegeuka, viti vingi vinalipiwa. Kwa mwenye hisa hiyo ni habari njema. Kwa mwenye kadi ni msiba.

Cha kushangaza, masharti ya kupata kadi hayakulegezwa. Yalikazwa! Mwaka 2015 Delta na United waliacha kuhesabu zawadi kwa umbali wakaanza kuhesabu kwa pesa uliyolipa, na American wakafuata mwaka 2016. Septemba 2023 Delta wakatangaza kwamba kadi kubwa kabisa, Diamond, itahitaji kiwango cha matumizi ya dola 35,000 kwa mwaka, kutoka 20,000. Wateja wakawaka kweli kweli. Mkurugenzi Mkuu Ed Bastian mwenyewe akakiri kwamba wamevuka mpaka, na mwezi uliofuata wakashusha mpaka 28,000. Ukipiga mahesabu, hata baada ya huruma hiyo bado ni nyongeza ya dola 8,000. Ndiyo yale ya mwenye nyumba anayetangaza kupandisha kodi mara mbili, kisha anapandisha nusu, na wewe unatoka unamshukuru.

Mtu atauliza, sasa hawaogopi kukimbiwa? Kwa kweli hawaogopi sana, na sababu ni mbili.

Ya kwanza, abiria wengi hawana pa kukimbilia. Ukiishi Atlanta au Minneapolis, Delta ndiye mwenye mji, safari nyingi za moja kwa moja ni zake.

Ya pili ndiyo kubwa zaidi: maili siku hizi si asante tena, ni biashara inayojitegemea. Mashirika yanaziuzia benki, benki zinawagawia watu wanaotumia kadi zao za mkopo kununua mafuta na mikate. Mwaka 2023 Delta walipokea kama dola bilioni 6.8 kutoka American Express, na mwaka 2024 zikafika kama bilioni 7.4. Janga la korona lilipotua mwaka 2020, United waliweka rehani mpango wao wa maili wakapata mkopo wa dola bilioni 6.8. Wenyewe waliuthamini mpango huo kwa karibu dola bilioni 22, zaidi ya thamani ya shirika zima kwenye soko la hisa wakati ule. Yaani kwenye vitabu, maili zina thamani kuliko ndege! Kwa hiyo mteja wa kudumu anayependwa leo si lazima awe yule anayelala viwanja vya ndege. Anaweza kuwa mtu aliyekaa kwake anachanja kadi dukani.

Na kumbuka, anayechapisha noti hizi ndiye huyo huyo anayepanga bei ya bidhaa. Benki Kuu yao ni wao, duka ni lao. Delta waliondoa jedwali la wazi la bei za tiketi za maili mwaka 2015, United mwaka 2019. Tangu hapo tiketi ya maili inaweza kuwa na bei hii leo na nyingine kesho, na huna pa kushitaki.

Msimamo wangu ni huu. Mimi sioni dhambi kuuza kiti. Tena ukitafakari, kuna haki fulani ndani yake. Mama aliyejibana akalipa kwa pesa yake ili anyooshe miguu, kwa nini amwachie meneja ambaye tiketi zake zote zimelipwa na kampuni? Tatizo langu ni kuuza kiti kimoja mara mbili. Mara ya kwanza wanamuuzia mwenye kadi kama tumaini: kaa na sisi, lipa zaidi kidogo, utakumbukwa. Mara ya pili wanamuuzia aliyepita njia kwa pesa taslimu. Wa pili anapata kiti, wa kwanza anaendelea kulipia tumaini. Kama kiti ni cha kuuza, basi waseme wazi kinauzwa, na waache kutuomba uaminifu wakati wao wenyewe hawana.

Turudi nyumbani. Mashirika mengi yanayotutoa huku hayajawahi kuwa na huo utaratibu wa Kimarekani wa kupandisha watu bure kila safari. Lakini upepo ni ule ule. Flying Blue ya Air France na KLM, ambayo Watanzania wengi wanayo, ilihama kutoka umbali kwenda kwenye pesa Aprili 2018: mwanachama wa chini anapata maili 4 kwa kila yuro, mwenye kadi ya dhahabu 7. Uwe umetoka Dar au Brussels, wanachoangalia ni pochi. Wewe unayenunua tiketi ya bei poa, mpango huu haukutengenezwa kwa ajili yako.

Ushauri wangu kwa ndugu zangu wafanyabiashara ni mfupi. Usiongeze hata dola 50 kwenye nauli kwa ajili ya maili, linganisha bei kila safari kama vile hujawahi kuwajua. Maili ulizonazo zitumie mapema, zinaliwa na mfumuko wa bei kama shilingi, na nyingi zina tarehe ya kuisha. Ofa ya kupanda daraja ikija, gawanya bei kwa saa za safari kwanza, halafu uliza swali moja: kilo zangu zinaongezeka au zinabaki za tiketi ya mwanzo? Maana wapo wanaokupa kiti kipana na kukuachia mzigo ule ule. Na kama bado unataka kadi, itafute kwa ajili ya begi la ziada na kuhudumiwa haraka safari inapoharibika. Mzigo ukifika salama umepata faida. Kiti kipana unakiacha kwenye ndege.

Yule kijana nilimwona tena tulipoteremka kubadilisha ndege. Amelala vizuri, uso unang'aa, ananiuliza: "Bro, hiyo kadi ya dhahabu inasaidia nini?" Nikamwambia nitamjibu nikipata jibu.

Wadau, nyie mnaosafiri sana, kadi zenu zimewahi kuwasaidia nini hasa? Uwanja wa maoni ni wenu, karibuni.