Nilipovuka Mafia Peke Yangu

Jumapili iliyopita mama yangu mzazi alinipigia simu kutoka Temeke na kunitaka nifike nyumbani bila ya kukawia. Nilimkuta mdogo wangu wa mwisho, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu, amekaa kimya mkekani na mkoba wake umefungwa tayari. Binti huyu anataka kwenda Mafia kwa siku nne, peke yake. Mama hataki. Na hoja ya binti, ndugu msomaji, ilikuwa ni mimi: "Mbona dada alikwenda akiwa na umri kama wangu na hakupatwa na lolote?"

Niliinamisha macho. Habari hiyo ya "hakupatwa na lolote" niliitunga mimi mwenyewe.

Ilikuwa Agosti 2007, nami nina umri wa miaka 19, nikingoja kuanza masomo ya stashahada ya uandishi wa habari. Nauli niliipata kwa kuuza maandazi. Basi lilituchukua Mbagala, likafuata barabara ya Kilwa hadi Bungu, kisha likaingia vumbini kuelekea Nyamisati, kijiji kilicho ukingoni mwa delta ya Rufiji. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba chombo hakiondoki kwa saa ya mkononi bali kwa maji ya bahari. Tulilala juu ya jamvi kwa mama lishe hadi saa tisa ya usiku, maji yalipojaa.

Mashua ilikuwa ya mbao, yenye injini, na imesheheni magunia ya unga, makreti ya soda, magodoro, na hata kitanda kizima cha mtu anayehama. Abiria tulizidi arobaini. Majaketi ya kuokolea nilihesabu sita.

Tulipita katikati ya mikoko kimya kimya. Humo ndimo Wajerumani walimoificha manowari yao Königsberg, nao Waingereza, waliokuwa wameiteka Mafia mwezi Januari 1915, wakaishambulia hadi ikaharibika Julai mwaka huo huo. Hayo niliyasoma baadaye. Usiku ule nilikuwa nikiona fahari tu kwamba hakuna mtu duniani ajuaye nilipo.

Tulipotoka kwenye mlango wa mto na kukutana na upepo wa kusi, injini ikazimika.

Mwanzoni watu walitania. Baadaye mashua iligeuka ubavu, mawimbi yakaanza kuingia, na vijana wawili wakashika ndoo kufua maji. Hapo mzaha ukaisha. Kando yangu alikuwa ameketi bibi mmoja wa Kilindoni, aliyekuwa akimpelekea mumewe dawa. Aliniuliza jina langu, kisha jina la mama yangu na mtaa tunaokaa. Nilimjibu, nikidhani ananiliwaza kwa mazungumzo. Akayarudia yote mara mbili, kama mwanafunzi akariripo shairi, kisha akachukua ncha ya khanga yake na kuifunga kwenye ncha ya khanga yangu.

"Mtu akiwa baharini, mwanangu," alisema, "ni vizuri awepo mwingine anayewajua kwao."

Ndipo nilipoelewa, na fahari yangu yote ikayeyuka. Kwetu niliaga kwamba nakwenda Kibaha kwa rafiki, na ukweli nikaupeleka kwa simu nilipokwisha kufika Nyamisati, nikijua sasa hawataweza kunizuia.

Injini iliwaka alfajiri. Gati la Kilindoni lilikuwa bado halijajengwa. Tulishuka majini hadi kiunoni, viatu kichwani. Bibi alinipeleka kwake, akanipa uji wa moto, nikalala mchana kutwa.

Siku iliyofuata nilikwenda Utende na kuvuka hadi kisiwa kidogo cha Chole, na kwa hakika nilichokiona hakijanitoka. Magofu ya enzi ya Wajerumani yameshikwa na mizizi kama mkono ulioshika ndizi. Popo wakubwa wananing'inia mitini mchana kweupe. Chini ya mti fundi anaunda jahazi, hana ramani yoyote mbele yake, analipima kwa jicho na kamba. Nilikaa kumtazama hadi maji yakanilazimu kuondoka. Lakini hata pale, furaha yangu ilikuwa na doa: kila upepo ulipovuma niliikumbuka safari ya kurudi.

Nilirudi kwa mashua ya namna ile ile, salama. Mama aliuliza, "Safari?" Nikajibu, "Njema." Nikampa pweza mkavu, mambo yakaisha.

Jumapili iliyopita nilimweleza yote, mbele ya mdogo wangu. Nilisema pia kwamba siku hizi kuna magati na kivuko cha Serikali, lakini nadhani hakunisikia. Alinyamaza kitambo kirefu.

"Huyo bibi," aliuliza mwishoni, "jina langu ulimtajia?"

"Nilimtajia, mama."

"Ukarudi kumshukuru?"

Sikuwa na jibu. Mama aliinuka akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na doti ya khanga mpya, bado imo katika karatasi yake, akaiweka juu ya mkoba wa mdogo wangu.

"Dada yako atakuelekeza nyumba," alimwambia. "Kama hayupo tena, wape wanawe. Na ukifika Nyamisati usinipigie mimi kwanza. Tafuta mama mtu mzima, ukae karibu naye, umtajie jina langu."