Filme «Congo»: gorila wengi, Wakongomani wachache



Juma lililopita tulikaa katika chumba kimoja cha video hapa Kasongo, watu kama 30 juu ya mabenchi, mashine ya umeme ikinguruma nje. Kijana mwenye chumba alikuwa amepata filme ya zamani yenye jina la inchi yetu: «Congo». Jina peke yake lilitosha kuvuta watu. Kati yetu kulikuwa na familia kutoka upande wa Salamabila, watu ambao kwa miezi mingi hawajaona mashamba yao. Walilipa franka zao kama wengine ili waone inchi yao juu ya kioo. Wakaonyeshwa gorila.

Niseme mapema kwamba kitabu nilikuwa nimekisoma kwa Kifaransa, nakala iliyokosa jalada. Kiliandikwa na Mmarekani, Michael Crichton, kikatoka mwaka 1980 na kuuzwa sana. Ndiye aliyeandika Jurassic Park. Filme ya Jurassic Park ilipoingiza pesa nyingi mwaka 1993, watu wa Hollywood walikumbuka kitabu hiki cha zamani, na mwezi wa Juni 1995 filme yake ikatoka, mwongozaji akiwa Frank Marshall. Iligharimu karibu dola milioni 50 na kuingiza zaidi ya milioni 150, kwa hiyo usiwaonee huruma. Wahakiki wa kwao waliicheka, na ikatajwa katika mashindano ya Razzie, yale ya kuchagua filme mbaya kuliko zote za mwaka. Wao walichekea gorila, ambao ni watu waliovaa manyoya. Mimi manyoya hayakunisumbua sana.

Hadithi ni hii. Kampuni ya Amerika inatuma watu katika pori la Virunga kutafuta almasi za buluu. Wa kwanza wanauawa, wa pili wanafuata. Pamoja nao kuna mwalimu wa chuo kikuu na gorila wake Amy, anayejua kuongea kwa ishara za mikono. Ndani ya pori kuna mji uliokufa unaoitwa Zinj, unaolindwa na gorila wa kijivu wanaoua watu. Volkano iko juu yao, tayari kupasuka.

Katika kitabu, almasi zile si za pete wala mkufu. Zinatafutwa kwa sababu zinafaa kutengeneza kompyuta za haraka kuliko zote, na Waamerika wanashindana mbio na Wajapani pamoja na Wajerumani, kila mmoja akitaka kufika wa kwanza. Kurasa nyingi zinahesabu saa: nani yuko wapi, amebakiza muda gani. Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Ni mwaka 1980. Hapa kwetu hakuna anayejua telefone ya mkononi, wala hakuna anayelala shimoni kwa ajili ya koltani. Na mtu wa Amerika anaandika kwamba siku moja mashine za wazungu zitahitaji jiwe la mashariki mwa Kongo, na kwamba wakubwa watapita juu ya kila kitu ili walipate. Alikosea jiwe tu.

Filme ilipata swali hilo bila jasho na ikaliacha barabarani. Wajapani na Wajerumani hawamo. Mbio hazimo. Almasi imekuwa kipande cha kuingiza ndani ya mashine ya laza ya kampuni ya mawasiliano, na mwishoni mashine hiyo inageuzwa bunduki ya kukatia gorila. Basi.

Sisemi kwamba kitabu hakina dhambi. Crichton naye aliweka humo kabila la walaji wa watu, alilolibuni mwenyewe, na niliposoma sehemu hiyo nilikifunga nikatoka kuota jua. Lakini kitabu kilijua kwa nini wageni wanakuja. Filme inajua tu kwamba wanakuja.

Na Wakongomani wako wapi? Nilijaribu kuwahesabu. Kuna kapiteni mpenda rushwa anayemfokea mgeni aliyekula keki yake. Sitadanganya, chumba kizima kilicheka, nami pia, maana kapiteni wa namna hiyo tunamjua. Kuna wanajeshi wa Zaire wanaorushia ndege makombora. Kuna wapagazi na mkubwa wao Kahega, angalau yeye amepewa jina. Kuna watu wa pori waliojipaka rangi wanaomlinda mzungu mgonjwa hadi anakufa. Lakini hatuoni mwenye nyumba wala mwenye shamba, na hatuoni mtoto aliyevaa nguo za shule. Anayejua kutuongoza katika inchi yetu ni Ernie Hudson, mwigizaji wa Amerika, na kwa haki yake yeye ndiye aliyenifurahisha kuliko wote. Pori lenyewe kwa sehemu ni la Costa Rica.

Turudi kwenye tarehe, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipouma. Juni 1995. Ni mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Chini ya volkano hizohizo za Virunga, kandokando ya Goma, kuna mamia ya maelfu ya wakimbizi ndani ya hema, na kolera imekwisha kuzika maelfu mwaka uliotangulia. Huko Amerika watu wanalipa tiketi kuona Virunga isiyo na mtu isipokuwa watafuta almasi na nyani. Haikupita hata miaka miwili, vita ya AFDL ilikuwa imepita kwetu pia. Sisemi filme ilipaswa kuonyesha kambi. Ni hadithi ya kusisimua, ina haki ya kusisimua. Lakini pori lisilo na watu ni uongo mkubwa kuliko gorila wa kijivu. Mama mmoja wa Salamabila aliyekaa mbele yangu aliuliza kwa sauti, katikati ya filme: «Sasa wenye kijiji walikimbilia wapi?» Alidhani sehemu hiyo imekatwa.

Hata huo mji uliopotea. Zinj ni jina lililotoka kwetu upande wa pwani: Waarabu waliita watu wa pwani ya mashariki Zanj, na ndani ya neno Zanzibar jina hilo bado lipo. Watu wa pwani walifika hapa kwa miguu. Kabambare ilikuwa kituo chao kwenye njia ya kutoka Ujiji. Livingstone alikwama huko tangu 1869, miguu yake ikiwa na vidonda, kabla ya kufika Nyangwe mwaka 1871. Tippu Tip alifanya Kasongo kuwa makao, kwa pembe za tembo na kwa watumwa, na hilo la watumwa tusilifunike kwa kanzu. Mwezi wa Aprili 1893 askari wa Dhanis waliuteka mji ule. Leo mahali uliposimama panaitwa Tongoni, na wachimbuzi wa mambo ya kale wamekwisha kufanya kazi pale. Mji uliokufa tunao, basi, na majina ya waliokaa humo yanajulikana. Wapo wazee wanaosimulia. Crichton alichukua jina, Hollywood ikachukua magofu ya kutengeneza, na Tongoni ipo palepale, vijana wanapita wakienda mashambani.

Esanse iliisha kabla ya mwisho, kama kawaida. Watu walipiga kelele kidogo, kisha wakaniomba mimi niliyekwisha kuiona niwasimulie. Nikawaambia: volkano inapasuka, mji unafunikwa, waliobaki wanapanda puto kubwa la hewa ya moto. Yule mwanamke wa kampuni analipua setilaiti ya mkubwa wake aliyemdanganya, kwa laza ileile. Halafu, wakiwa juu hewani, almasi inatupwa chini katika pori.

Wazungu wa filme wanaliona tendo hilo kuwa zuri, kwamba wameshinda tamaa. Baba mmoja aliyekuwa akichimba dhahabu karibu na Namoya, na ambaye leo analala na watoto 6 kwenye baraza ya shemeji yake, aliniomba nirudie sehemu hiyo. Nikarudia.

«Wanatupa?»

Ndiyo, mzee, wanatupa.

«Kwani waliuliza ya nani?»

Nje mtu alikuwa anatikisa jeri ya esanse kuona kama imebaki kidogo.