Shukrani si fimbo ya kumchapia mtoto

Katika nyumba nyingi za Waafrika Mashariki hapa Sydney, kuanzia Blacktown hadi Auburn, kuna maneno ambayo watoto wetu wameyasikia hadi wameyachoka: "Mshukuru Mungu, wenzako wako kambini." Huambiwa kijana asiyelala usiku, asiyekula, aliyejifungia chumbani na kupoteza hamu ya shule na marafiki. Sisi wazazi tunauita uvivu, au uzungu. Madaktari wanaita sonona, nayo ni ugonjwa.

Je, shukrani haina kazi? La hasha! Nchini Kenya, mradi wa Shamiri, ulioanzishwa na Tom Osborn na wenzake, uliwakusanya wanafunzi wa sekondari katika vikundi, saa moja kwa wiki, kwa wiki nne. Hawakuongozwa na madaktari bali na vijana waliomaliza sekondari na kupewa mafunzo mafupi. Walijifunza kwamba mtu anaweza kubadilika, kutambua mema waliyo nayo, na kutaja wanayoyathamini maishani. Utafiti wa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kwao zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu.

Tofauti na sisi iko wapi? Kule kijana huitafuta shukrani mwenyewe, akazungumza na wenzake. Kwetu anaamrishwa kushukuru, tena ili anyamaze.

Tunatoa wito kwa jumuiya zetu, makanisa na misikiti: tunaojua kuchangia harusi na misiba hatushindwi kuwapa vijana wetu wa vyuo chumba na mafunzo, wakae na wadogo zao.

Hata hivyo, vikundi havichukui nafasi ya tiba. Vituo vya headspace, shirika lililoanzishwa mwaka 2006, hupokea wenye miaka 12 hadi 25. Kids Helpline, 1800 55 1800, hupigwa bure saa 24. Mtoto akitaja kujiua, usingoje kikao. Hatari ikiwa mlangoni, piga 000. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sisi tuliokimbia makwetu tunajua uchungu wa kuambiwa "shukuru uko hai" huku moyo unavuja damu. Tusiwarithishe watoto wetu uchungu huo. Leo jioni, kabla ya kumwambia mwanao ashukuru, muulize anaumwa nini, kisha nyamaza umsikilize.