Sikio la Bibi Kizee

Kule Bujora, Usukumani, mshindi hapigiwi kura. Siku za sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni, ibada ya Ekaristi ikiisha na maandamano yakirudi, vyama viwili vya ngoma vinagawana uwanja: Bagika upande wao na Bagalu upande wao. Ngoma zinalia kwa wakati mmoja na kila mtazamaji yuko huru kwenda anakovutwa. Manju, kiongozi wa ngoma, akiona watu wanaanza kumhama, anatoa kila alicho nacho: wimbo mpya wenye kijembe, chatu shingoni mwa mchezaji, majembe yanayorushwa juu na kudakwa kwa mkono mmoja. Mwenye watu wengi ndiye mshindi, na walioshindwa wanaondoka wakiapa kwamba mwakani mtaona. Asili ya ushindani huu inasimuliwa kuwa ni Ngika na Gumha, waganga wawili wa Usukuma wa karne ya 19 waliobishana nani zaidi, kila mmoja akaacha nyuma yake chama cha wafuasi. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye wenyeji walimwita Fumbuka, alipoijenga Bujora kuanzia miaka ya 1950, hakuzifukuza ngoma hizo. Alizipa uwanja, jirani kabisa na kanisa.

Toleo hili lote ni la ubishi wa aina hiyo. Tuliwauliza wasomaji: kati ya wahusika wa riwaya na ngano za ajabu, nani anastahili kuheshimiwa kuliko wote? Vijana wengi wa Mwanza mjini wamemtaja Harry Potter, na wengine Frodo na Samwise, wale wadogo wa J.R.R. Tolkien wanaoibeba pete hadi mlima wa moto. Waliosoma Shaaban Robert wamegawanyika kati ya Karama na Adili. Wa Ukerewe wamesimama na msafiri asiye na jina anayemsaka Nagona katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, na wana haki ya kuringa, maana mwandishi huyo alizaliwa kwao Namagondo mwaka 1944. Wapo pia waliomtaja Ng'wanamalundi. Yeye aliishi kweli, lakini masimulizi yamemchukua moja kwa moja: akinyoosha kidole, mti unakauka.

Nimezisoma barua zote kwa furaha, ila kuna jambo limenikera. Karibu kila sifa ni sifa ya ushindi. Huyu aliua, yule alivuka, mwingine alimpiga mchawi kwa uchawi mkubwa zaidi. Mtetezi mmoja wa Fumo Liyongo ameandika kwamba shujaa wake anawazidi wote kwa sababu hata alipokwisha kufa, amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wa mji waliogopa kumsogelea wakakosa maji. Hadithi ni tamu. Lakini hicho kilichowaweka mbali na kisima ni hofu, nami sitaki tuichanganye hofu na heshima. Katika hadithi za ajabu mtunzi anaweza kumpa mtu wake nguvu kiasi chochote, haimgharimu kitu. Ndiyo maana nguvu ni kipimo dhaifu. Mimi namtazama shujaa baada ya vita: anamtendeaje mtu aliyeumizwa na ushindi wake mwenyewe?

Kwa kipimo hicho mgombea wangu ni Masala Kulangwa wa Wasukuma.

Wengi mnaijua ngano yake. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote. Alisalia mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha ndani ya rundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto alipopata akili akauliza: mama, mbona tuko wawili tu, wengine wako wapi? Akaambiwa. Tangu siku hiyo akaanza kulitafuta zimwi, ingawa hakujua linafananaje. Akaua panzi, akarudi nyumbani anaimba kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama akamwambia: mwanangu, huyu ni panzi, tumchome tule. Siku nyingine akaleta ndege, kisha mnyama mdogo wa porini, kisha mkubwa kidogo, na kila mara wimbo ule ule, na kila mara mama akamjibu kwa utulivu kwamba bado. Sijui ngano nyingine inayompa shujaa wake mwanzo mnyonge namna hii, kushangilia panzi. Na hakuna anayemcheka. Mama anamwambia ukweli, kisha wanakula.

Hatimaye akakutana nalo lenyewe, akaliua, akalipasua. Akatoka baba yake, wakatoka jamaa zake, ikatoka dunia nzima. Hapo ndipo ngano nyingi zingefika mwisho, vigelegele vipigwe, watoto wakalale. Hii inaendelea. Katika kupasua, kisu kilikuwa kimemkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akatoka na hasira, akamtukana kijana, akataka kumroga.

Fikiria kijana huyo amesimama wapi. Amewaokoa watu wote, ngozi ya zimwi bado inavuja damu, na mtu wa kwanza kusema naye kwa sauti anamtukana. Angeweza kumjibu: bibi, bila mimi ungekuwa tumboni hadi sasa, sikio na vyote. Umati ungemwunga mkono. Tunaijua lugha hiyo, tunaisikia kila siku kwa watu waliotufanyia jema wakatuumiza humo humo: shukuru basi kwa ulichopata. Masala Kulangwa hakuitumia. Alijikinga na uchawi wa bibi kwa werevu wake, kisha akaenda kutafuta dawa akamponya. Ndipo watu wakamfanya mtemi. Naomba msomaji aushike mfuatano huo, maana hoja yangu yote imekaa hapo: kwanza sikio, halafu utemi.

Padri Donald Sybertz wa Maryknoll, aliyekusanya hadithi na methali za Kisukuma kwa miaka mingi, pamoja na Padri Joseph Healey, waliiweka ngano hii katika kitabu chao cha mwaka 1996 na kuisoma kwa mwanga wa Kristo mkombozi. Ni usomaji unaopendeza, na mtu akisimama Bujora, ambako kanisa na makumbusho ya Wasukuma viko kwenye kilima kimoja, anaona ulivyokuja wenyewe. Ila shujaa akishapewa kiti hicho, mashabiki wananyamaza. Mimi namtaka abaki uwanjani na wenzake, apimwe.

Nimpime basi na Adili, ambaye mtihani wake unaukaribia wa Masala Kulangwa kuliko wote. Katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, liwali huyu wa Janibu anawachapa kila usiku nyani wawili, ambao ni ndugu zake Hasidi na Mwivu waliomtupa baharini wakageuzwa na jini. Amri ni ya jini, machozi ni yake, na chakula anawapa kwa mkono wake. Moyo wake haushindwi na wa yeyote. Lakini hatafuti njia ya kutoka. Anachapa na kulia hadi Mfalme Rai anapoingilia kati na kuwaombea nyani msamaha. Masala Kulangwa hakusubiri mfalme. Karama wa Kusadikika, riwaya iliyotoka mwaka 1951, miaka mitatu kabla ya juzuu ya kwanza ya pete ya Tolkien, yuko katika daraja jingine: silaha yake ni ulimi tu, na mbele ya baraza linalotaka auawe anawatetea wajumbe waliofungwa badala ya kujililia mwenyewe. Namweka wa pili.

Hoja iliyonipa taabu kweli ni ya msomaji wa Kisesa, anayesema tumekosea tangu mwanzo: shujaa ni yule mama. Yeye ndiye aliyevumilia makapi akiwa na mimba, ndiye aliyemwambia mtoto ukweli kuhusu panzi bila kumvunja moyo, na watu wenyewe walilitambua hilo, maana siku ile ile walimpa yeye heshima ya mama wa mtemi. Barua yake iko mbele kabisa katika toleo hili na naipenda. Jibu langu ni kwamba mama hakuwahi kupata mtihani wa sikio. Lakini nakiri mtu anaweza kuniuliza: ni nani alimlea kijana hata akaufaulu?

Masimulizi ninayoyajua mimi hayataji ile dawa ilikuwa ya mti gani wala aliipata kwa nani. Wazee wa Magu, Kwimba, Maswa na Shinyanga, tuandikieni ngano hii inavyosimuliwa kwenu, hasa mwisho wake. Na kama kwenu bibi aliikataa dawa, au hakupona, tuleteeni hivyo hivyo. Hoja yangu ikianguka, toleo lijalo litafunguliwa kwa barua iliyoiangusha.