Kosa si Aibu kwa Mwanafunzi wa Python

Lugha ya kompyuta iitwayo Python imekwisha ingia majumbani mwetu. Vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaitafuta, nami nawaunga mkono. Kinachonisikitisha ni kuwaona wengi wakianza kwa hamu, kisha baada ya wiki chache wakiacha na kusema kwamba hayo ni ya wenye akili nyingi. Maneno hayo siyakubali. Akili wanazo, ila njia waliyoshika siyo.

Jina lisimtishe mtu akadhani ni habari ya chatu. Mholanzi Guido van Rossum, aliyeitoa lugha hii mwaka 1991, aliliazima kwa kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza, Monty Python's Flying Circus.

Hii ni lugha, na kila lugha ina sarufi yake. Mtunzi wa shairi akizidisha mizani, wajuzi watamwambia papo hapo kuwa mshororo umevunjika. Python nayo ina mizani yake. Mistari iliyo chini ya amri moja sharti isogezwe ndani kwa kipimo kimoja, na desturi ni nafasi 4. Mwanafunzi akiweka 4 hapa na 3 pale, mashine hugoma. Kadhalika "Jina" na "jina" kwake ni vitu viwili mbalimbali.

Kuhesabu nako kuna mambo yake. Sisi Waswahili twaanza juma kwa Jumamosi, ndiyo mosi yenyewe. Lakini ukiipa Python orodha ya siku hizo kisha ukaitaka ya 1, itakupa Jumapili, kwani yenyewe huanza kwa sifuri.

Baya zaidi ni lile kosa la kimyakimya. Tuseme kijana anamtengenezea mamake, muuza mahamri, programu ya hesabu. Hamri moja ni shilingi 10. Programu inauliza idadi, anaandika 5, nayo inazidisha kwa 10. Badala ya 50, jibu ni 5555555555! Mashine haikukosea. Kila kinachopokewa kwa amri ya input huhesabiwa kuwa maandishi, na maandishi yakizidishwa kwa 10 hurudiwa mara 10. Dawa ni kuyageuza kwanza kuwa namba kwa amri ya int.

Hilo angalau lachekesha, na mtu hulishtukia. Lakini kijana huyo akitaka kujumlisha mauzo ya siku ya 1 hadi ya 7, akaandika range(1, 7), hesabu itaishia siku ya 6. Pesa za siku nzima zitakosekana katika hesabu bila yeyote kujua. Ndiyo maana nasema kila programu ijaribiwe kwanza kwa hesabu ambayo jibu lake walijua.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, makosa haya siyo yanayowaangusha vijana. Kinachowaangusha ni kuliona kosa kama fedheha. Maandishi mekundu yakitokea, hufunga kompyuta bila kuyasoma. Kumbe yale ni maelekezo! Yasome kuanzia chini: mstari wa mwisho hutaja aina ya kosa, na juu yake huonyeshwa mstari wa programu ulioleta tatizo.

Wengine hukimbilia kunakili. Huchukua somo la zamani la Python 2, ambayo matunzo yake yalikoma tarehe 1 Januari 2020, kisha hushangaa kwamba print isiyo na mabano inakataliwa. Siku hizi wapo wanaoiachia akili bandia iwaandikie kila kitu. Kazi ikienda, hawajui imeendaje; ikiharibika, hawajui pa kushika.

Nawasihi vijana: andika mistari 5 kwa mkono wako, uiendeshe. Kisha iharibu kwa makusudi, usome mashine inasema nini, uirekebishe. Wazee walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Katika elimu hii mimi naongeza kuwa hata kulirudia si aibu, aibu ni kulikimbia kabla ya kulisoma.